Sirinji ya kupapasa kwa wanafunzi wasioona maabara
Jamani mnaosimamia maabara za vyuo hapa Kampala, mwanafunzi asiyeona anaweza kupima maji ya kemikali mwenyewe kabisa, nunueni sirinji ya plastiki ya mili 10 famasi yoyote pale Wandegeya, sindano tupeni, vuta pistoni mpaka 5 halafu kata kipengo kwa wembe kwenye hiyo pistoni, palepale inapotokea kwenye mdomo wa bomba, akivuta anapapasa kwa ukucha, kipengo kikitokeza tu ukingoni anajua ni mili 5, hahitaji mtu wa kumsomea. Inaniuma sana kuona mtu anakalishwa pembeni anaandikiwa majibu ya mwenzake. Kutambua besi, yaani kemikali iliyo kinyume cha asidi, tumieni kitunguu kilichokatwakatwa, kwenye besi kama sodiamu haidroksaidi harufu ya kitunguu inapotea. Na chupa msizihamishehamishe bila kumwambia.