Somo: Ratiba ya watoto wanaosomea nyumbani hapa Lamu, kwa gharama ndogo

Assalam aleikum wazazi wenzangu. Kila juma napata ujumbe uleule: "Tupe ratiba yako." Wengine hunitumia ratiba walizookota mtandaoni, masomo manane kwa siku, kila somo dakika 40, wakiniuliza mbona watoto hawaifuati. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Ni kwa wenye watoto wa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) hadi Gredi 5 hivi, nyumba ya vichochoroni isiyo na uwanja, na mfuko wa kawaida.

Saa ya ukutani haiwezi siku ya kisiwani. Siku igawe kwa adhana, juma ulipange kwa maji ya bahari, yanavyojaa na kupwa. Ukishindana na hivyo viwili utaishia kununua vitu vya kuwashughulisha watoto ndani, huku pwani iko wazi na hutozwi senti.

Hatua ya 1. Pakua mtaala wa gredi ya mtoto kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, ni bure. Usiuchape wote kwa saiba. Usome kwenye simu, na ya mwezi huu yanakili kwa mkono.

Hatua ya 2. Daftari moja kwa kila mtoto, penseli, rula. Basi.

Hatua ya 3. Gawa siku kwa adhana. Baada ya alfajiri na chai, kabla jua halijapanda, fanyeni mazito: kusoma kwa sauti, kuandika, hesabu. Saa mbili zatosha kwa mtoto wa miaka minane, na nusu yake kwa mdogo. Katikati ya asubuhi ni kazi ya mikono au pwani, hatua ya 4 itakuambia ipi. Baada ya adhuhuri ni kula na kulala. Wenye chuo cha Qur'ani wana zamu yao. Msiwabebeshe somo jingine juu yake. Baada ya alasiri watoke wacheze na watoto wa mtaa. Kati ya magharibi na isha ni hadithi na vitendawili. Ijumaa hatufungui daftari.

Hatua ya 4. Panga juma kwa maji. Hapa ndipo wengi huharibu, na kuharibu hapa ni hatari, kwa hivyo someni polepole.

Maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa takriban saa 25, ndiyo maana kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ni takriban mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku zenu. Kuanzia siku ya 1 au 2 ya mwezi wa Kiislamu, na tena kuanzia siku ya 15 au 16, mtapata asubuhi nne hivi mfululizo za kwenda kuangalia kaa, kombe, mizizi ya mikoko na nyayo za ndege. Siku za maji mafu bakini na kazi za ndani na za mjini. Tia alama kwenye kalenda ya Kiislamu tu, mwezi mzima umeshapangika.

Sasa maonyo.

Rudini wakati maji yanasimama, si wakati mmeyaona yanakuja. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Kama tofauti ni mita 3, saa ya kwanza hupanda robo mita, ya pili nusu mita, ya tatu robo tatu na ya nne robo tatu, kisha hupungua mwendo. Saa mbili hizo za katikati huleta nusu ya maji yote. Mzazi anayetazama saa ya kwanza hudhani ana wasaa, naye hana. Kwenye fungu la mchanga ni hatari zaidi, kwa sababu maji hupita kwanza nyuma yenu, penye mkondo, na mbele bado mnaona pakavu. Njia ya ufuoni baina ya mjini na Shela nayo huliwa na maji yakijaa, kwa hivyo usiwapeleke watoto Shela bila kujua mtarudi vipi.

Viatu vya raba kila mguu. Taa, yule samaki bapa, hujificha mchangani na mwiba wake si mchezo. Kombe lenye umbo la koni lisiguswe hata kama ni zuri, mnyama wake ana sumu. Kilicho hai kiachwe kilipo. Na msimu wa kusi ukikaza, Juni hadi Agosti, upande wa bahari kuu ni wa kutazama tu.

Hatua ya 5. Hesabu zitoke kwenye vitu vilivyopo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za nane nane, na kete 64. Mchezo huanza kila mmoja ana kete 10 baoni na 22 mkononi. Humo mna kuzidisha, kugawa, kutoa, na kufikiri mbele. Hakuna ubao? Chimbeni mashimo mchangani. Jikoni, vibaba vinne ni pishi moja, visaga viwili pia ni pishi moja: hiyo ni robo na nusu, na mtoto anaishika kwa mkono. Urefu upimeni kwa shibiri na mkono, mikono minne ni pima. Kisha muulize kwa nini mlango umekuwa shibiri nyingi kwake na chache kwa babake. Hapo ndipo umletee rula, naye ataelewa sentimita ilitafutwa kwa ajili gani.

Hatua ya 6. Safari moja kwa mwezi, na pesa zote za mwezi ziende hapo. Chombo hukodiwa kizima, kwa hivyo changeni familia mbili au tatu. Takwa, kisiwani Manda, ni mji ulioachwa karne ya 17. Msikiti wake na kaburi la nguzo vimesimama hadi leo. Ila mkono wa bahari wa kwendea huko hauingiliki maji yakipwa, kubalianeni na nahodha saa ya kwenda na ya kurudi. Kijijini Matondoni watoto wataona mafundi wa majahazi na zana zao, tezo na keekee, na namna kalafati ya pamba na mafuta inavyozuia maji yasiingie. Ombeni ruhusa kwanza, wale wako kazini. Usipokuwa na nauli, mjini mna Ngome, iliyomalizika 1821, na hospitali ya punda iliyopo tangu 1987.

Hatua ya 7. Kila jioni mtoto aandike sentensi moja: leo nimeona nini. Mdogo achore.

MASWALI

Mama Pacha: Ahsante. Naomba PDF ya ratiba.

Hakuna PDF. Hatua ya 3 na ya 4 ndiyo ratiba. Ya kuchapa itakudanganya kabla juma halijaisha, maji hayafuati karatasi.

Baba wa Mkomani: Kwa hivyo mtoto acheze bao na kuokota kombe, halafu afaulu mtihani?

Hatua ya 3 inasema saa mbili za kusoma, kuandika na hesabu kila asubuhi, tena kabla ya kombe lolote. Na nimesema kilicho hai kisiokotwe. KPSEA, mtihani wa kitaifa, hufanywa mwisho wa Gredi 6, na usajili hupitia shule, kwa hivyo tafuta mapema shule itakayompokea. Bao halimzuii mtoto kufaulu. Wangu anagawa 64 kwa 4 kichwani kwa sababu ya bao, na sioni haya kusema hivyo.

Mgeni Langoni: Serikali inaruhusu?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka kila mtoto apate elimu. Nenda ofisi ya elimu uzungumze nao kabla hujaanza. Hapa tunazungumzia ratiba.

Mama wa Malindi: Dada, sisi huku tuna mto Sabaki, na miezi mingine bahari huwa nyekundu. Watoto wananiuliza kwa nini, nami sina jibu. Naweza kulifanya somo?

Dadangu, umeshika somo la mwezi mzima. Wekundu ule ni udongo. Sabaki ndio Galana, na juu zaidi ndio Athi, mto unaotoka bara upande wa Nairobi na kuchukua udongo wa mashamba mvua ikinyesha. Chukueni maji kwenye chupa inayoonyesha ndani, muiache itulie usiku kucha, asubuhi mpime tope kwa rula. Rudieni kila juma, mwandike. Mvua za bara zikianza mtaiona chupa inasema. Kisha chora mto wote ukutani kwa makaa. Na mna mambo ambayo sisi hatuna: magofu ya Gede, na pale Ngomeni ndipo setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza kutumwa angani mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Waambie watoto ilipewa jina hilo kwa ajili ya siku yetu ya uhuru.

Mama Pacha: Kete za bao nanunua wapi?

Usinunue. Tumia komwe.

Mvuvi wa Kizingitini: Komwe huota ufuoni, mti wake una miiba mingi, kateni maganda kwa uangalifu. Na mimi niongeze: kabla ya kwenda pwani mwulizeni mvuvi yeyote gatini. Upepo ukisukuma, maji yanaweza kuwahi.

Ammi, ahsante sana. Wazazi, hilo litieni katika hatua ya 4.

Bi Harusi wa Shela: Wa kwangu amekataa vitabu, lakini anasoma majina ya kanga kwenye kamba za kuanikia. Nimwachie?

Mwachie na umzidishie! Kanga ina maneno machache, herufi kubwa, na maana ya kuuliza. Akisoma moja, aiandike daftarini, akuambie nani angeivaa na kwa nini. Mwazimeni za bibi na za shangazi. Akimaliza za nyumbani, apite kwa majirani na daftari lake.

Baba wa Mkomani: Ramadhani je?

Swali zuri hili. Watoto wanaofunga, yale mazito yahamie baada ya daku na alfajiri, nusu saa tu, kisha walale. Pwani acheni, kiu ya jua la saa tano si ya mtoto. Mchana waache wasikilize hadithi. Jikoni, kabla ya futari, ndipo penye vibaba na pishi: wapimishe wao unga wa sambusa na mchele wa vibibi.