Somo: Kifaa cha kupima maziwa, hatua kwa hatua, ili nisiulizwe tena

Assalam aleikum jamaa. Haipiti siku sijaulizwa habari ya "kile kidude cha maziwa". Naulizwa kibandani, naulizwa nikitoka msikitini, napigiwa simu saa nne za usiku. Maswali ni yale yale. Basi naandika yote hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwanza tuelewane kazi yake. Kinapima joto, uchachu yaani pH, na jinsi maziwa yanavyopitisha umeme. Maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye afya huwa na pH kati ya 6.6 na 6.8, na hupitisha umeme kiasi cha milisimensi (mS, ndicho kipimo cha upitishaji) 4 hadi 5.5 kwa sentimita yakiwa kwenye nyuzi 25. pH ikiteremka chini ya 6.5, yameanza kuchacha. Umeme ukizidi, shuku ugonjwa wa kiwele au chumvi. Ukipungua, shuku maji. Vijidudu hakivioni, dawa ya ng'ombe iliyobaki ndani ya maziwa hakiioni. Kwa hiyo maziwa yaliyofaulu kwenye kifaa huchemshwa kama kawaida, usije ukasema fundi alikwambia unywe mabichi.

Hatua ya 1. Vifaa: Arduino Uno au Nano (kibodi kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu), sensa ya joto DS18B20 ile ya kuzamisha, sensa ya pH pamoja na bodi yake, skrini ya mistari miwili, rezista ya 4.7k na ya omu 470, bolti mbili za stenlesi, kipande cha paipu ya plastiki, pawabenki.

Hatua ya 2. Unganisha sensa ya joto, na rezista ya 4.7k ikae kati ya waya wa data na waya wa volti 5. Ikisoma 85, sensa haikupata nafasi ya kupima au umeme wake unakatika. Ikisoma -127, waya umeachia.

Hatua ya 3. Toboa paipu, pitisha bolti mbili zikae sambamba, umbali wa sentimita moja. Zisiwe bolti za zinki, wala nyaya za shaba, maana hizo huliwa na maziwa na kuingia humo humo kwenye kikombe. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye stenlesi, usipoteze muda wako. Bana waya kwa nati na ringi yake (washa), kisha funika kwa gundi ya kuchanganya mpaka vichwa vya bolti visionekane.

Hatua ya 4. Umeme wa vyuma hivi lazima ugeuzwe geuzwe. Ukiupeleka upande mmoja tu, chuma kinajivika vipovu na namba inatambaa mbele ya macho yako. Peleka pini ya 7 kwenye rezista ya 470, rezista kwenye chuma cha kwanza, na chuma cha pili kwenye pini ya 8. Pale rezista inapokutana na chuma ndipo pa kusomea, kwa pini ya A0. Programu iwashe 7 na kuzima 8, isome, igeuze kwa muda ule ule, isome tena, halafu pini zote mbili ziwe INPUT, yaani zisitoe umeme. Milisekunde chache zinatosha.

Hatua ya 5. Sensa ya pH. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipomkosea mtu.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa na jagi moja, kioo cha pH (ile sensa yenye tufe la kioo) upande huu na vyuma, yaani zile bolti, upande huu, vyote vimewashwa muda wote. Asubuhi akaja mama mmoja wa njia ya Gongoni na lita 20 za kupeleka hotelini. Kikasoma 5.8. Nikamwambia, mama, haya yamechacha. Mwenye hoteli akayakataa kwa neno langu. Yule mama hakubishana. Alikaa kwenye ngazi ya duka langu, akamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akaonja, akaninyooshea na mimi. Yalikuwa matamu kabisa. Tukayapeleka kwenye jiko la muuza mahamri hapo jirani. Yakapanda, yakatanda utando, hayakukatika. Maziwa ya 5.8 kweli hayapandi namna hiyo, yanakatika mabongemabonge. Lakini hoteli ilikwisha nunua kwingine na jua lilikwisha kuwa kali. Nilimlipa lita zake zote, na hata leo nikimwona njiani naona haya.

Sababu ni hii. Kioo cha pH hutoa volti ndogo mno, kama milivolti 59 tu kwa kila pH moja. Ukipitisha umeme wa vyuma ndani ya maziwa hayo hayo, na GND (waya wa hasi) ni moja, umeme ule unaingia kwenye kusoma kwa kioo na kukipoteza kabisa. Kwa hivyo:

Usitie vyuma na kioo kwenye kikombe kimoja kwa wakati mmoja. Usiseme "lakini nimevizima kwenye programu". Mimi natumia vikombe viwili, kimoja cha vyuma na joto, kimoja cha kioo, na vyuma viko nje kabisa wakati wa kupima pH. Wala usitumbukize kioo kwenye dumu la mtu: kikivunjika humo umemharibia mtaji. Chota, pima, mwaga.

Kabla ya hayo, rekebisha bodi ya pH. Chomoa sensa, unganisha kwa waya kile kitundu cha katikati na duara la nje la kichomeo, kisha zungusha skrubu ndogo mpaka bodi itoe volti 2.5. Sasa chomeka sensa, pima dawa za kulinganishia za 6.86 na 4.01. Pakiti zake huyeyushwa kwa maji yaliyotoneshwa. Pale petroli steshieni ukiomba "maji ya betri" hakikisha hupewi asidi, vibuyu vyake hufanana.

Hatua ya 6. Kulinganisha vyuma. Pima gramu 7.46 za kloridi ya potasiamu, tia maji yaliyotoneshwa mpaka ifike lita moja. Hiyo ni mS 12.88 kwenye nyuzi 25. Chukua mililita 100 zake, ongeza maji mpaka lita moja, unapata 1.413. Mizani ya jikoni haifai, nenda kwa sonara akupimie.

Hatua ya 7. Joto. Kila nyuzi moja inayozidi 25 huongeza upitishaji kama asilimia 2. Maziwa ya saa sita mchana hapa Malindi, nyuzi 31, yakisoma 5.6, gawa kwa 1.12: ni 5.0, mazima. Asiyefanya hesabu hii atawaita watu wezi wa chumvi kila siku ya kaskazi.

Hatua ya 8. Sanduku lifungwe kwa mpira. Upepo wa bahari unakula nyaya.

Na sasa jambo ambalo hamtalikuta kwenye maelezo ya watu wa bara. Wanasema maji hushusha umeme, na ni kweli, kwa maji matamu. Maji ya bomba letu yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, ukiyatia kwenye maziwa namba inashuka waziwazi. Lakini visima vya karibu na bahari vina chumvi. Nilijaribu mwenyewe: robo ya maji ya bomba kwenye robo tatu za maziwa, namba ikashuka kutoka 5.0 hadi 4.1. Robo ya maji ya kisima cha jirani yangu, ikashuka hadi 4.8 tu. Mtu amekutilia robo nzima ya maji na kifaa chako kinasema salama! Laktomita ya kioo, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha uzito wake, ilikamata yote mawili, kutoka 30 hadi 23. Kwa hiyo pwani hii umeme peke yake hautoshi. Nunua na laktomita. Kama imeandikwa nyuzi 20, ongeza 0.2 kwa kila nyuzi inayozidi 20. Na anayetia sukari ili laktomita ipande, umeme utamfichua, maana sukari haipitishi umeme. Vifaa viwili vinashikana mikono.

MASWALI (kila muulizaji nimemwandika kwa jina la mahali pake)

Maweni: Fundi yangu inasoma 85 tu, nifanyeje?

Hatua ya 2.

Watamu: Bro tuma programu yote nikopi, nina haraka.

Umetumia pini zipi? Rezista gani? Umelinganisha na nini? Ukijibu hayo nitakusaidia mstari kwa mstari. Programu yangu kwenye vyuma vyako itakupa namba za uongo, na utazitumia kumkatalia mtu maziwa.

Watamu: Basi haina haja.

Haya.

Barani: Shikamoo fundi. Nimefanya hatua ya 6. Kwenye 12.88 inasoma sawasawa kwa sababu ndiyo niliyolinganishia, lakini kwenye 1.413 inasoma 1.80. Nimerudia mara nne na maji mapya. Nimekosea kupima chumvi?

Marahaba mwanangu. Hukukosea, na umefanya vizuri kujaribu zote mbili, wengi hawajaribu. Pini za Arduino zenyewe zina ukinzani wake, kama omu 25, na unajumlishwa kwenye maziwa bila wewe kujua. Kwenye 12.88 ukinzani wa maji ni mdogo, kwa hiyo zile 25 ni sehemu kubwa. Kwenye 1.413 hazionekani. Fanya hivi: andika omu ulizosoma kwenye kila dawa, toa ndogo kwenye kubwa, gawa kwa 630. Jibu ni namba ya vyuma vyako. Izidishe kwa 77.6, upate omu za kweli za dawa ya 12.88. Kilichozidi hapo ndicho cha pini, kitoe kila unapopima. Niletee majibu.

Muyeye: Ya kwangu pH ni 7 kwenye kila kitu. Maziwa 7, ndimu 7. Somo lako lina kasoro.

Somo halina kasoro. Angalia tufe la kioo kwenye mwanga wa jua, ukitembeza kidole nyuma yake. Kioo kikipata ufa husoma 7 kila mahali. Kilianguka?

Muyeye: Kilianguka lakini hakikuvunjika.

Kimevunjika. Nunua kingine. Na ukiwa nacho, usikihifadhi kwenye maji matupu, hata yaliyotoneshwa. Kofia yake itiwe maji ya kloridi ya potasiamu, gramu 22 kwa mililita 100. Baada ya maziwa kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, usikifute kwa kitambaa. Mafuta ya maziwa yakiganda juu yake kinakuwa kizito kusoma.

Mokowe: Bibi zetu walijua maziwa kwa kuonja na kuchemsha. Haya ma-Arduino ya nini?

Ndugu yangu, soma hatua ya 5. Ulimi wa yule mama ulinishinda na nimeandika wazi. Lakini mwambie bibi akuonjee maziwa yaliyotiwa kikombe kimoja cha maji ya kisima katika vikombe vinane, au maziwa ya ng'ombe ambaye kiwele kimeanza kuuma jana. Kuchemsha kunakwambia yamechacha. Hakukwambii umeuziwa maji. Sikusema mtu aache kuchemsha.

Ganda: Salaam kaka. Nina ng'ombe watatu, mmoja namshuku kiwele ila maziwa hayana mabonge wala damu. Kitanisaidia?

Kitakusaidia kuliko wote waliouliza hapa, dada. Usipime ndoo, pima chuchu kwa chuchu. Mwaga michirizi ya kwanza, kamulia kila chuchu kwenye kikombe chake, pima zote nne kwa joto moja. Usiangalie namba kubwa au ndogo, angalia ipi imejitenga. Tatu zikiwa 4.9, 5.0, 4.9 na moja ikawa 6.1, hapo pana ugonjwa hata kama maziwa ni meupe pe. Mwite daktari wa mifugo, na huyo umkamue wa mwisho. Kama amezaa juzi subiri kwanza: dang'a lina chumvi nyingi na litakudanganya.

Ganda: Ahsante kaka. Na yule anayeweka magadi ili yasionekane yamechacha?

pH itapanda, 6.9 au zaidi. Ukiona hivyo kwenye maziwa yaliyosafiri masaa mengi juani, uliza maswali.

Kisumu Ndogo: Sisi tunapokea ya ngamia kutoka Garsen. Namba ni hizo hizo?

Hapana, usipimie ngamia kwa namba za ng'ombe. Pata maziwa ya mtu unayemwamini, pima kila siku kwa wiki mbili, andika daftari lake peke yake. Yanakuja katika chombo gani, madumu ya mafuta ya kupikia?

Kisumu Ndogo: Ndiyo, yale ya njano.

Hapo ndipo yanapochachia. Mkono hauingii kusugua pembe za ndani. Mkiweza, chombo cha alumini chenye mdomo mpana.

Shella: Nyongeza kutoka kwangu: baada ya kulehemu, paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kila kiungo. Redio yangu ya mashua imekaa misimu miwili ya kusi bila kutu.

Hiyo nimeichukua. Ila isiguse kichomeo cha pH, pale pawe pakavu na safi.

Barani: Fundi, nimerudi. Tofauti ilikuwa 636, namba ya vyuma 1.01, pini omu 26. Sasa 1.413 inasoma 1.42.

Hongera mwanangu, umeipata. Sasa tafuta ng'ombe mmoja ambaye unamwona akikamuliwa, mpime asubuhi na jioni wiki nzima, kabla hujapima maziwa ya mtu.