Utafiti wa ulinzi Uingereza: jua wazo linabaki kwa nani kabla hujasaini

Kama una kampuni ndogo au mko timu ya chuo na mnataka kazi ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, msikimbilie kuangalia hela, tafuteni kwanza namba mbili kwenye mkataba, za DEFCON, yaani masharti ya kawaida ambayo wizara huweka kwenye mikataba yake. DEFCON 703 maana yake matokeo ya kazi ni mali ya serikali. DEFCON 705, matokeo yanabaki kwenu ila wizara inapata haki ya kuyatumia kwa shughuli za serikali. Ukiweza pigania 705.

Halafu kabla kazi haijaanza andika kila ulichokuja nacho, michoro, programu, vipimo, patenti (hati ya kulinda uvumbuzi), weka tarehe na uambatanishe kwenye mkataba, maana usipofanya hivyo mradi ukiisha ya zamani na mapya yameshachanganyika na kuyatenganisha hapo ni ugomvi wa mawakili. Na kama uko chini ya kampuni kubwa yenye tenda, soma mkataba wenu nyinyi wawili pia, usidhani unafanana na wa wizara.

Patenti nayo ina mambo yake. Sheria ya Patenti ya Uingereza ya 1977, kifungu cha 22 inaruhusu kuzuia wazo lisichapishwe kwa ajili ya usalama, cha 23 kinakubana kupeleka ombi la teknolojia ya kijeshi nje ya nchi kama huna kibali, na cha 55 serikali inaweza kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa yako, japo fidia unaweza kudai.

Sasa hili ndo linaniuma zaidi: uliza itakuwaje kampuni mnayoshirikiana nayo ikiuzwa. DERA ilikuwa maabara ya serikali ya utafiti wa ulinzi, 2001 ikagawanywa, sehemu moja iitwayo Dstl ikabaki wizarani na sehemu kubwa ikawa kampuni ya QinetiQ, 2003 Carlyle, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, wakanunua hisa, 2006 ikaingia soko la hisa London. Ujuzi uliojengwa miaka mingi kwa kodi za wananchi ukawa unawalipa wenye hisa! Kwa hiyo dai kifungu kinachosema umiliki wa upande wa pili ukibadilika, siri zako na leseni uliyompa havihamii kwa mwenye mali mpya mpaka ukubali kwa maandishi. Wakikataa kabisa, omba angalau wakupe taarifa mapema na uwe na haki ya kuifuta leseni.