Toi ya mtoto ya kutikisa imekata sauti na taa? Usiitupe kwanza

Zile toi ambazo mtoto akitikisa tu zinaimba na kuwaka taa, ndani hakuna uchawi wowote, kuna kaspringi kembamba kamezunguka kapini, ukitikisa springi inagusa pini, umeme unapita, basi ile chipu inaamka inapiga mziki na kuwasha taa.

Anza na betri. Nyingi zinatumia zile ndogo za duara kama za saa, LR44, kila moja volti 1.5, zikiwa 3 unapata 4.5. Taa zikiwaka hafifu na sauti inakwaruza kama imelewa ujue ni betri hizo, badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu.

Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, chovya pamba kwenye siki kidogo au ndimu, sugua, futa, acha ikauke kabisa. Bado kimya? Fungua kwa bisibisi ndogo ya nyota uangalie springi kama imepinda, inyooshe taratibu isiguse pini ikiwa imetulia, maana ikigusa muda wote toi haina cha kuhisi. Waya uliokatika chomelea kwa risasi.

Na jamani hapa nawaomba sana, kifuniko cha betri lazima kifungwe na skrubu. Mtoto akimeza betri ya kidonge, hasa zile za litiamu CR2032, inaweza kuunguza koo ndani ya masaa 2, kimbia hospitali hapo hapo, usisubiri aanze kulia.