Namna ya Kuandika Kumbukumbu ya Siku Yako ya Mwisho Hekaluni

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa Mombasa na vitongoji vyake ambao zamani walikuwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao mitaani huitwa Wamormoni, wakaingia hekaluni (jengo la ibada maalumu, tofauti na makanisa ya Jumapili), kisha wakaliacha kanisa, na sasa wanataka kuandika habari za mara ya mwisho walipoingia humo. Mimi ni mmoja wao. Nimeiandika kumbukumbu yangu mara tatu, na mara mbili za kwanza niliichana, kwa sababu niligundua kuwa nimeandika uongo pasipo kukusudia. Nilikuwa nimejieleza nikitoka mlangoni kwa hatua nzito, kama mtu ajuaye kwamba harudi tena. Ukweli ni kwamba sikujua lolote. Nilitoka nikiwa na njaa, nikiwaza gari la kutupeleka uwanja wa ndege, na moyoni nilikuwa nimekwisha kupanga kurudi mwaka uliofuata.

Karibu kila niliyemsikiliza akisimulia amekosea papo hapo nilipokosea mimi. Mtu akishaondoka, yale aliyoyajua baadaye humrudia nyuma na kuipaka rangi siku ambayo kwa kweli ilikuwa siku ya kawaida. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwandishi wa kumbukumbu ya namna hii ni kujirudisha katika ujinga wake wa siku ile, akaandika kama mtu asiyejua kesho yake. Mengine yote nitakayoyaeleza ni njia za kufikia hapo.

Tafuta tarehe kabla ya kutafuta maneno

Sisi wa pwani tuna bahati moja katika jambo hili, nayo ilitokana na shida. Hadi hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, Kenya haikuwa na hekalu hata moja, na mtu wa Mombasa aliyetaka kuingia alisafiri hadi Johannesburg, katika hekalu lililofunguliwa mwaka 1985 mtaani Parktown. Safari hiyo ilidai pasipoti, tiketi ya ndege, ruhusa ya kazini na pesa ambazo wengi wetu hatukuwa nazo, hata kanisa likawa na mfuko wa kuwasaidia waumini wa mbali wasio na uwezo wafike angalau mara moja maishani. Mtu wa Utah, huko Marekani kwenye makao makuu ya kanisa, anayeishi karibu na hekalu huenda ameingia mara mia, na hawezi kukuambia ile ya mwisho ilikuwa Jumanne gani. Wewe uliyekwenda mara moja au mbili una muhuri wa uhamiaji.

Basi anza na pasipoti ya zamani, hata kama imetobolewa matundu kwa kuisha muda wake. Kabla ya Januari 2023 Mkenya alihitaji viza ili aingie Afrika Kusini, na stika ya viza hubeba tarehe. Tazama pia kile kijitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho hukuweza kusafiri bila hicho. Kibali cha hekaluni nacho, ukiwa bado unacho, kina sahihi yako na za viongozi wawili waliokuhoji, na kwa kuwa hudumu miaka miwili tu, kitakubania muda hata pale muhuri wa pasipoti umefifia. Usidharau ujumbe wa M-Pesa: rafiki yangu mmoja aliipata siku yake kamili kwa sababu asubuhi ile alimtumia dada yake pesa ya kununua unga.

Kuna watu ambao tarehe zao zina utata, na ni vizuri kuutaja utata huo badala ya kuuficha. Mnamo Machi 2020 mahekalu yote ya kanisa hilo duniani yalifungwa kwa sababu ya Korona, na wapo ambao vibali vyao viliisha muda wakati milango imefungwa, wakachelewa kwenda kuhojiwa upya, wakachelewa tena, na mwishowe wakajikuta wako nje. Wapo vilevile walioliacha kanisa miaka mingi iliyopita, halafu hekalu la Nairobi lilipofunguliwa kwa umma kabla ya kuwekwa wakfu, wakapanda treni kutoka Miritini wakaenda kulitazama pamoja na watalii na majirani. Je, hiyo ndiyo mara ya mwisho? Kwa maoni yangu siyo, maana aliyeingia ni mgeni, lakini inastahili aya yake mwenyewe, hasa ukikumbuka ulivyotembea katika vyumba ambavyo zamani ungeingia kwa kibali tu.

Tena, usichanganye siku ya hekaluni na siku ya barua. Kuomba jina liondolewe katika kumbukumbu za kanisa ni tendo la makusudi, lina karatasi na sahihi, nalo kwa wengi lilikuja miaka kadhaa baadaye. Liandikie mahali pengine.

Mwili hukumbuka kabla ya akili

Ukiulizwa ulihisi nini, utajibu kwa maneno ya jumla ambayo kila mtu hutumia: amani, woga, mashaka. Maneno hayo yaache kwanza. Jiulize ulivaa nini, ulishika nini, na baridi au joto lilikupataje. Mimi nilikwenda mwezi wa Julai, na mtu aliyezoea Likoni hajui baridi ya Johannesburg ya alfajiri ni kitu gani mpaka imwingie kwenye meno. Nilikuwa nimeazima sweta ya kijani iliyonibana kwapani. Ndani ya hekalu niliivua pamoja na nguo zote za nje, nikavaa nyeupe tupu hadi soksi, na jambo ninalolikumbuka kuliko mahubiri yoyote ni kwamba wote tuliofanana na malaika katika chumba kile tulikuwa tukitembea polepole kwa kuogopa kuteleza.

Vazi la ndani la hekaluni lina sura yake peke yake katika mji wetu, na sijaona mwandishi wa pwani ambaye hakuwa na la kusema kulihusu. Ni vipande viwili, cha juu na cha chini kinachofika gotini, na muumini aliyepokea endaumenti, yaani ibada kuu ya hekaluni yenye mafundisho na maagano, hutakiwa kukivaa usiku na mchana. Simama nacho saa saba mchana kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, msimu wa kaskazi, shati na suruali vikiwa juu yake, jasho likitiririka mgongoni na mama wa ndizi akikutazama kwa huruma, na utakuwa umepata ukurasa mzima. Ila angalia miaka: Oktoba 2024 kanisa lilitangaza muundo usio na mikono kwa ajili ya nchi za joto, kwa hiyo aliyeondoka kabla ya hapo hana haki ya kujivisha ule mwepesi, na kijana atakayesoma asidhani kwamba unatia chumvi.

Andika pia ulichokisahau, na useme kwamba umekisahau. Kwa kuwa tulikaa siku nne, niliingia mara kadhaa. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili yangu mwenyewe, na zilizofuata zilikuwa kwa niaba ya wafu, kama ilivyo desturi. Mara ya mwisho nilipewa kikaratasi cha samawati, rangi ya wanaume, chenye jina la mtu aliyefariki zamani, nami nilikishika mkononi saa zima la ibada nikilisoma jina lile tena na tena ili nisilitamke vibaya. Leo jina limenitoka kabisa. Nakumbuka tu kwamba lilikuwa na herufi W mbili, na kwamba kidole gumba changu kiliacha alama ya unyevu ukingoni. Katika nakala ya kwanza nilimtungia marehemu yule jina, nikaona aibu, nikalifuta.

Yale uliyoahidi kutoyasema

Hapa wengi hukwama. Ndani ya hekalu muumini huahidi kutofichua baadhi ya mambo, na baada ya kuondoka huja swali kama ahadi hiyo bado inamfunga. Sitakuamulia. Nitakueleza nilivyofanya: jina jipya nililopewa kwa kunong'onezwa sikuliandika, wala ishara sikuzieleza, na sikufanya hivyo kwa hofu, ila kwa sababu nilitaka shangazi yangu, ambaye bado ni muumini, aweze kusoma hadi mwisho bila kuikunja karatasi. Nilipomaliza niliona kwamba hakuna kilichopungua. Kumbukumbu ilikuwa juu ya mtu aliyekuwa chumbani, na ishara zile kila aliyeingia alipewa zilezile.

Ukichagua njia nyingine, andika uliyoyaona wewe tu. Ibada za hekaluni zimebadilishwa mara kadhaa. Mwaka 1990 ziliondolewa ishara zilizohusu adhabu ya kufichua siri, na Januari 2019 yalibadilishwa maneno ya sehemu zilizowahusu wanawake. Aliyeingia mwaka 1988 na aliyeingia mwaka 2021 hawakuona ibada moja. Nimewahi kusoma maandishi ya kijana wa hapa aliyeingia baada ya 2019 akieleza kwa uchungu jambo lililokuwa limeondolewa kabla yeye hajazaliwa. Hakuwa mwongo, alikuwa amesoma mno masimulizi ya wazee wa Marekani hadi yakawa yake. Dawa yake ni kuandika rasimu ya kwanza kabla ya kusoma ya mtu mwingine yeyote.

Waulize mliosafiri nao

Hili huogopesha, kwa maana baadhi yao bado wamo kanisani na huenda hamjazungumza tangu uondoke. Nenda kwa adabu na bila hoja. Mimi nilimwendea mama mmoja wa Bamburi aliyekuwa kiongozi wa msafara wetu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekuja kunirudisha au nikurudishe?" Tukacheka, nikamwambia nimekuja kuuliza habari za ile siku ya mwisho tu. Alinipa mambo mawili ambayo sikuwa nayo: kwamba nilimbebea begi lake ngazi zote kwa sababu goti lilimsumbua, na kwamba katika chumba cha selestia, kile cha utulivu ambamo ibada huishia, nililia. Nilikana. Akasema, "Ulilia, na kitambaa ulichojifutia kilikuwa changu, hukunirudishia."

Ukipewa kitu kama hicho usikitupe hata kama hakiendani na mtu uliye leo. Kiandike, useme ni nani aliyekukumbusha, na jina lake ulibadilishe, pamoja na majina ya wote waliosafiri nawe.

Mahali pa kukomea

Kosa la mwisho ni kuendelea mbele mno. Mwandishi hufika mlangoni pa hekalu, halafu hurukia miaka minne mbele aeleze mashaka yake, mabishano na wazazi, na kikombe cha kwanza cha kahawa chungu pale Makadara, kilichokatazwa na Neno la Hekima, sheria ya kanisa kuhusu vyakula na vinywaji. Hayo ni masimulizi mengine, na ni mazuri, lakini yakiingia hapa yanaimeza siku yenyewe. Simama jioni ya siku ile ile, penye tendo dogo ulilolifanya kwa mazoea bila kulifikiria. Yangu inakoma ndani ya ndege ya kurudi Nairobi, taa zimepunguzwa, sweta ya kuazima iko magotini, na mhudumu anapita na kigari chake akiniuliza kama ningependa chai au kahawa. Namjibu, "Maji tu, dada."