Kabla Hujasasisha Squid: Mambo ya Kuzingatia

Squid ni seva ya proksi: hupokea maombi ya watumiaji kwenda kwenye wavuti na kuhifadhi nakala za kurasa. Kabla ya kuisasisha, anza kwa kujua Squid yako ilitoka wapi. Amri ya squid -v itakutajia toleo, ila usilipokee hivi hivi. Debian na Ubuntu (mifumo ya Linux) hupachika viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu, kwenye toleo lile lile la zamani, kwa hiyo seva inaweza kuonekana imepitwa na wakati kumbe tundu limeshazibwa. Jibu liko kwenye apt changelog squid: tafuta humo namba ya CVE (kitambulisho cha tundu la usalama) inayokukosesha usingizi. Wasimamizi wengi hurukia toleo jipya bila kupita hapo, wakajitafutia kazi isiyo ya lazima.

Kama uliijenga mwenyewe kutoka msimbo chanzo, viraka hivyo havikufikii. Nakili mstari mzima wa configure options (vipengele ulivyochagua ulipoijenga) unaotolewa na squid -v. Ukisahau kipengele kimoja, Squid mpya inaweza kuwaka bila TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano.

Soma pia kilichoondolewa. Gopher, itifaki ya zamani ya mtandao, haimo tena tangu toleo la 6, na hakuna atakayeililia. Toleo la 7 limeondoa squidclient na cachemgr.cgi, zana za kuitazama hali ya Squid, hapo skripti yako ya ufuatiliaji ndiyo itakayolia.

Wakati mwingine huwezi kuzima seva leo. Oktoba 2025 ilitangazwa CVE-2025-62168, ambapo kurasa za makosa za Squid zingeweza kuvujisha nywila za watumiaji. Dawa ilikuwa 7.2, lakini aliyehitaji muda aliweza kuandika email_err_data off kwenye squid.conf (faili la mipangilio), kisha kuendesha squid -k reconfigure ili isomwe upya. Soma tangazo lote, maana njia ya muda kama hiyo mara nyingi huwa chini kabisa.

Hifadhi nakala ya squid.conf, vyeti na faili la nywila. Kashe (nakala za kurasa) iache, itajijaza yenyewe. Pakiti ya zamani nayo iweke kando, usije ukaitafuta usiku wa manane. Ukishasakinisha, endesha squid -k parse, inayokagua mipangilio, na usome hata maonyo, si makosa peke yake.

Waarifu watu. Squid ikizimwa husubiri miunganisho iliyo hai hadi sekunde 30 kwa kawaida, kisha hukata iliyobaki. Anayepakua faili kubwa ataanza upya. Andaa pia kompyuta iliyo nje ya mtandao wenu ya kujaribu mlango 3128, ambao Squid hutumia kwa kawaida, mara seva itakapowaka. Ikijibiwa chochote zaidi ya kukataliwa, kagua http_access (kanuni za nani anaruhusiwa) kabla ya kumruhusu mtu yeyote kurudi kazini.