Kutafuta ukoo wa mikrosporidia kwa protini ya RPB1

Mwaka 1987 mti wa ukoo uliojengwa kwa rRNA (RNA ya ribosomu) uliviweka vimelea hivi vya seli moja shinani kabisa mwa yukariota (viumbe wenye kiini cha seli), kana kwamba vilijitenga kabla mitokondria haijakuwapo. Leo tunavihesabu upande wa kuvu. Data yenyewe haikuwa na kasoro; kilichopotosha ni kwamba jeni zao hubadilika kwa kasi, hivyo tawi lao huwa refu, na matawi marefu huvutana kwenye mti hata pasipo undugu.

Hatua ya 1: kusanya. Pakua kutoka GenBank (hifadhidata ya mifuatano) mifuatano ya protini ya RPB1, kipande kikubwa cha kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, si mifuatano ya DNA, uiweke kwenye `rpb1.fasta`. Weka *Encephalitozoon cuniculi* na mikrosporidia wengine wawili watatu, aina za kuvu zisizopungua sita, wanyama, mimea na amiba. *Rozella allomycis* usiiache. Ni jamaa wa karibu na hulikata lile tawi refu. Arkea (viumbe wa seli moja wasio na kiini) usiwatumie kama kundi la nje, yaani la kuonyesha shina la mti liko wapi. Wako mbali mno, watavivuta vimelea chini ya mti.

Hatua ya 2: linganisha mifuatano kwa programu ya MAFFT.

`mafft --localpair --maxiterate 1000 rpb1.fasta > rpb1_lin.fasta`

Fungua faili kwenye AliView (programu ya kutazama ulinganisho), nenda moja kwa moja mwisho wa protini. Utakuta mkia wa asidi amino saba, YSPTSPS, unaojirudia, mara nyingine herufi moja mbili zikiwa zimebadilika: mara 26 kwa hamira, 52 kwa binadamu. MAFFT haina namna ya kujua rudio lipi ni la lipi, hivyo inabahatisha. Kata mkia wote.

Hatua ya 3: safisha. Safu yenye mapengo zaidi ya 20% inatoka.

`trimal -in rpb1_lin.fasta -out rpb1_safi.fasta -gt 0.8`

Hatua ya 4: jenga mti.

`iqtree2 -s rpb1_safi.fasta -m LG+C20+F+G -B 1000 -T AUTO`

LG, modeli ya jinsi asidi amino zinavyobadilika, peke yake huzichukulia safu zote kuwa na mapendeleo yaleyale ya asidi amino, na hapo ndipo matawi marefu hupata mwanya. C20 huruhusu mapendeleo tofauti, lakini inakula RAM. Kompyuta ikigoma, shuka C10. Kwa `-B`, inayopima uthabiti wa kila tawi, amini tawi lenye 95 kwenda juu. Themanini haitoshi.

Hatua ya 5: shindanisha. Andika miti miwili ndani ya `miti.tre`, mmoja mikrosporidia wakiwa na kuvu, mwingine wakiwa shinani. Rudia amri ya hatua ya 4 bila `-B 1000`, ukiongeza:

`-z miti.tre -n 0 -zb 10000 -au --prefix shindano`

Mti wenye p-AU (thamani ya p ya jaribio la AU, linaloshindanisha miti) chini ya 0.05 umekataliwa. Ikipona yote miwili, RPB1 pekee haitoshi. Ongeza protini nyingine. Tubulini (protini ya kiunzi cha seli na ya mkia wa kuogelea) iwe ya mwisho: hata kuvu zilizopoteza mkia wa kuogelea tubulini zao hubadilika upesi, kwa hiyo undugu unaouona huenda ni mvutano uleule.